Sweta Lililokwenda Majabalini

Jumapili iliyopita Mama aliniita Edmonton, hapa hapa London, nimshushie sanduku lililokuwa juu ya kabati lake. Goti lake halimruhusu tena kupanda kiti, na Baba, ambaye magoti yake ni mazima, anakiogopa kiti chenyewe. Nikapanda mimi. Nilipolivuta tu, kabla sijalitua kitandani, harufu ikanipiga usoni: sabuni mpya, dawa ya nondo, kanga ambazo hazijaonja maji, na chini kabisa, kwa mbali, tende. Tende zenyewe zililiwa zamani, tena mbali na hapa, lakini harufu yake imeng'ang'ania kwenye kitambaa cha ndani mpaka leo. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu. Mama akauliza kutoka jikoni nacheka nini. Nikamwambia, "Nimekutana na Bi Fadma." Akaja mbio na goti lake hilohilo.

Wenzangu mliolelewa London na wazazi wa kwetu, najua kila mmoja wenu kwao kulikuwa na sanduku kama hili. Halikuwa la kusafiria, lilikuwa la kusubiria. Kila kitu kilichopatikana kwa bei nzuri kiliingia humo, mashuka, sabuni za kunukia, viatu vya watoto ambao huko nyumbani miguu yao ilikuwa imeshavipita, mpaka atokee mtu anayesafiri, abembelezwe, akubali kubeba kilo mbili tatu. Mtoto wa nyumba yetu aliweza kuvunja gilasi za wageni akasamehewa. Lakini kutia mkono ndani ya sanduku la Pemba, lo, hilo lilikuwa jambo jengine.

Kwetu ni Wete. Wazee wangu waliondoka kabla sijazaliwa, kwa sababu ambazo watu wazima walizizungumza kwa sauti ya chini na kuzikatisha nikiingia chumbani. Mama alipata kazi kwenye nyumba ya wazee, huku huku Edmonton. Aliwaosha, akawalisha, akawachana nywele, na akirudi alikaa kwenye ngazi na koti lake bado mwilini, anasema, "Leo tena nimeosha mama za watu." Baba alibeba boksi. Huko nyumbani wakisema mtu wa Ulaya anabeba boksi, huwa ni kejeli tu ya kazi yoyote ya jasho. Baba aliyabeba kweli, ghalani, usiku mpaka asubuhi, na alijisifu kwamba yeye peke yake katika mji huu hana haja ya kuwadanganya watu wa kwao.

Bibi, mama yake Mama, nilimjua kwa sauti na kwa picha moja iliyotundikwa ukumbini. Pichani amekaa kizingitini, nyuma yake ukuta wa udongo, mtandio kichwani, mguu mmoja ameunyoosha juani. Sauti yake ilikuja Jumapili. Baba alinunua kadi ya simu dukani, Mama akaikwangua kwa ukucha, akabonyeza namba ndefu isiyokwisha. Zile kadi mnazikumbuka. Ukisema neno, kwanza linakurudia wewe mwenyewe kutoka mbali, halafu kimya, halafu ndiyo unajibiwa. Nilikuwa nikisema, "Shikamoo, Bibi," nasikia sauti ndogo ikiniambia shikamoo Bibi, nangoja, kisha ndiyo linakuja, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Niliamini salamu zote za mbali ndivyo zilivyo: zinatoka, zinarudi kidogo kuchungulia, halafu zinafika. Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukijibu sote, "I'm fine, Bibi," naye akacheka na kumwaga Kipemba chake. Nusu sikukielewa, na nusu ilimezwa na mngurumo wa waya. Nilimpenda kupita kiasi.

Bibi hakuwa mtu wa kuomba. Mwaka mmoja tu alisema, "Kipupwe cha safari hii kinaniingia mifupani, mwanangu. Nitafutie sweta. La vifungo, maana la kuvalia kichwani siliwezi tena, mikono haipandi." Mama akazunguka maduka utadhani London ni mji usiouza sweta. Mwisho akapata la zambarau, zito, lenye vifungo vikubwa na mifuko miwili. Ikabaki kulipima. Bibi alikuwa mtu mnene, kwa hiyo Mama akalivaa yeye, akajitia mto tumboni na mataulo mabegani, akajitazama kiooni. "Hivi hasa ndivyo alivyo," akasema. Baba, aliyekuwa anaamka muda huo kwenda kazini, akasimama mlangoni akauinamia ule mto: "Shikamoo, mama mkwe. Umefika lini Edmonton?"

Sweta likaingia sandukuni. Wasafiri wakapita, wakachukua sabuni, wakachukua mashuka, lakini sweta Mama hakulitoa kwa mtu. "Hili nitampelekea mwenyewe, nimvishe kwa mkono wangu," alisema. Na kwenda hakuweza. Kitabu chake cha safari, kile wanachopewa wakimbizi, kilimruhusu kwenda dunia nzima isipokuwa nchi moja, na aliyoitaka ndiyo hiyo moja. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nikiuliza tutakwenda lini kwa Bibi, jawabu lilikuwa "bado".

Basi ukaja msimu wa baridi ambao Mama aliacha kuimba akipika. Sisi tulioizoea sauti ile tulikula chakula kilekile lakini kama hakikukolea. Asubuhi moja Baba aliingia kutoka kazini, pua nyekundu, hata kofia hajaivua, akasema, "Haya, fungeni mizigo. Skuli zikifunga half-term tunakwenda Afrika."

"Afrika ipi?" Mama akauliza.

"Moroko. Nimepata tiketi rahisi. Kuna mji huko uko jangwani, una maji na mitende. Kwenu huwezi kwenda, basi twende nikakuonyeshe hata mti unaofanana."

"Wewe una wazimu."

"Ninao. Na tiketi ninazo."

Mama akacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mdomo. Mimi masikio yangu yaliishia kwenye neno la mwanzo. Nyumbani kwetu Afrika ilikuwa pahala pamoja tu. Simu ya Afrika, picha ya Afrika, nguo za Afrika, zote zilikwenda kwenye kile kizingiti cha picha ya ukumbini. Mama aliposhusha sanduku ili achukue mikoba iliyokuwa nyuma yake, akaniambia nichukue kitu kizito kwa sababu jangwani kuna baridi, nikachukua kilicho kizito kuliko vyote, nikakitia kwenye begi langu la skuli. Sikuona la kuuliza. Mtu anakwenda kwa Bibi, sweta ni la Bibi, utaliachaje?

Tuliteremka Marakeshi, na kesho yake tukapanda gari ya kijana mmoja aitwaye Brahimu, mwembamba, mcheshi, ambaye kwao ni huko huko tulikokuwa tunakwenda. Baba alikaa mbele. Alikuwa ameiweka siku hii akiba, maana udogoni alisifiwa chuoni, kwenye Kurani, kwa Kiarabu chake. Akakohoa, akajiweka sawa, akamuuliza Brahimu habari za njia kwa Kiarabu cha vitabuni, kila herufi imetoka pahala pake. Brahimu akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba watu wa kwao wana lugha yao wenyewe ambayo si Kiarabu, na kwamba Kiarabu pia anakijua, ila kama hicho cha Baba anakisikia Ijumaa tu, kwenye mimbari. Mama alicheka mpaka akalalia kiti. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo, na nikajua ni kwa sababu tunamkaribia mama yake.

Tukapanda milima yenye theluji, jambo lililonishangaza lakini nikalinyamazia, tukateremka upande wa pili kwenye nchi nyekundu isiyo na kitu, mawe na mawe. Mchana wote ilikuwa hivyo. Mama akasinzia. Kisha gari ikazunguka kilima, na chini yetu, katikati ya ukavu ule, ukalala mto wa majani. Sijui niuiteje. Hayakuwa maji, ilikuwa mitende, maelfu kwa maelfu, imebanana ndani ya bonde jembamba na kufuata kila pindo lake, na pembeni nyumba za udongo za rangi ileile ya ardhi, utafikiri ardhi ilijikunja ikaota milango. "Tinghir," akasema Brahimu, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha mtoto wake.

Mama alishuka kabla gari haijasimama sawasawa. Akaenda kwenye mtende wa karibu, akauwekea kiganja, akautazama mpaka juu.

"Si mnazi," akasema.

"Nilikwambia unaofanana," Baba akajitetea. "Sikusema ndio wenyewe."

"Majani yake mafupi. Na miba yote hii!" Lakini mkono hakuuondoa. Akaegemeza na shavu.

Siku ile tulitembea chini ya mitende mpaka jua likazama. Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya jangwa kunaweza kuwa na bustani, maharagwe na mnanaa na majani ya mifugo, vijishamba vidogo kama mikeka, na kati yake mifereji myembamba ya maji baridi yanayokwenda mbio kama yamechelewa. Mkulima mmoja alifungua mfereji kwa jembe, akatoa bonge la udongo hapa akaliziba pale, na maji yakageuka yakaingia kwa jirani. Palinukia udongo ulioloa, moshi wa kuni na mkate. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Kila mwanamke mzee aliyepita na mzigo wa majani mgongoni nilimtazama usoni, nikalinganisha na picha, nikamwacha apite. Sikuwa na wasiwasi. Mji ulikuwa na kuta za udongo kila upande, kwa hiyo ilikuwa ni suala la kupata mlango tu.

Kesho yake Brahimu alitupeleka korongoni. Ni majabali mawili mekundu yamesimama yakitazamana, marefu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona, na katikati yake pamebaki upenyo wa njia na kijito. Jua linaingia humo kidogo tu, kama mgeni asiyetaka kukaa. Nilivua viatu nikatia mguu majini, baridi ikanikata, nikapiga ukelele. Ukelele ukanirudia.

Nikanyamaza. Nikasema taratibu, "Halo?"

Halo, likasema jabali.

Sauti ile niliijua! Ilikuwa sauti ya kadi ya simu, ileile, sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka mbali kabla Bibi hajajibu. Kumbe hapa ndipo simu zinapopitia. Nikajaza kifua pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Shikamoo, Bibi!" Ikarudi, shikamoo Bibi, mara ya kwanza wazi, mara ya pili imefifia. Nikangoja. Nilijua taratibu zake, kwanza inachungulia, halafu ndiyo inafika.

Baba alidhani nacheza, naye akapenda kucheza. Akaweka viganja mdomoni akanguruma, "Assalaamu alaykum!" Na kutoka nyuma ya pindo la jabali, pahala pasipoonekana mtu, sauti nzito ikaitika, "Wa alaykumu salaam!" Baba aliruka nusu aanguke kijitoni. Akatokeza mzee na punda wake, akatupungia mkono akapita zake. Mama alikaa juu ya jiwe kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata uthibitisho: salamu za hapa zinafika.

Brahimu akasema kijiji chao kiko mwisho wa korongo, na bibi yake ameshapika mkate, na ni aibu wageni wapite bila chai. Tukatembea. Majabali yakafunguka, tukatokea kwenye kijibonde chenye nyumba chache za udongo na milozi iliyochanua maua meupe bila jani hata moja. Ilibidi kuvuka kijito kwa kukanyaga mawe. Mama na baibui lake akagoma. Baba akamgeuzia mgongo, akachuchumaa: "Panda. Kwani mimi kazi yangu si kubeba boksi?" Wakabaki hapo wakibishana, Brahimu katikati ya maji akiwapa mkono wote wawili. Mimi nilishavuka.

Nyumba ya kwanza tu. Ukuta wa udongo. Kizingiti. Mtandio kichwani. Na mguu mmoja ameunyoosha juani.

Alikuwa mweupe kuliko pichani, lakini picha ile ilikuwa imekaa ukutani miaka. Kidevuni alikuwa na alama ya buluu, nikafikiri pichani haikutoka. Viganja vyake vilikuwa na hina, kama vya Mama siku ya Idi. Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikasema kwa sauti ya kawaida, maana sasa hapakuwa na haja ya kupaza, "Shikamoo, Bibi."

Hakusema marahaba. Alinitazama, akatazama nyuma yangu hakuona mtu, akanitazama tena, na uso wote ukakunjamana kwa furaha. Akanipa mkono, nikaubusu, naye akaubusu wangu. Akanivuta, akanikalisha kwenye paja lake, akaanza kuzungumza, maneno mengi, ya haraka, yenye kicheko ndani yake. Sikuelewa hata moja, na hilo halikunishtua. Bibi sikuwahi kumwelewa sawasawa.

Nikafungua begi. "Sweta lako, Bibi," nikamwambia.

Alilipokea kwa mikono miwili. Akalisugua shavuni, akalinusa, akakipima kifungo kati ya vidole, akanitazama kuniuliza. Nikampapasa bega kumwonyesha. Akatia mkono wa kwanza. Wa pili ukagoma, akauinua ukaishia kifuani, akaguna. Mikono haipandi, nikakumbuka. Alikuwa ni yeye tu, hakuna mwengine.

"Mama!" nikaita. "Mama, nimempa!"

Mama alikuwa amefika uani, upindo wa baibui umeloa, Baba na Brahimu nyuma yake wanahema. Alitazama lile sweta la zambarau. Akaona lilikotoka na linakokwenda.

"Umelitoa wapi hilo?" akauliza, na sauti yake haikuwa sauti yake.

"Kwenye sanduku. Si la Bibi?"

Baba akafungua mdomo. Mama akainua mkono bila kugeuka, Baba akaufunga. Mimi nikaanza kuogopa. Niliona uso wa Mama unakwenda pahala nisipopajua, na kwa mara ya kwanza ikanijia kwamba labda atalivua. Yule bibi naye aliona. Akashika ule mkono mmoja aliouvaa, tayari kuutoa, taratibu, bila kinyongo.

Mama akapiga magoti udongoni. Akamshika mkono ule mgumu, akaushusha, akauzungusha nyuma kidogo, akaupitisha kwenye sweta kama anavyofanya kila siku kwa mama za watu. Akaanza kufunga vifungo, kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Tumbo likaingia. Mabega yakakaa. Alipofika kifungo cha shingoni akarudi nyuma akalitazama, na likawa limemkaa kama alishonewa. Ndipo Mama akacheka, na kucheka kukamgeukia kuwa kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, asijue ashike lipi. Yule bibi akamvuta kichwa akamfuta machozi kwa ncha ya mkono wa sweta, sweta lenyewe hata halijamaliza kupata joto lake.

Chai ile sitaisahau, tamu ya kukwaruza koo, na mkate wa moto wa kuchovya kwenye mafuta ya zeituni. Bi Fadma, ndilo lilikuwa jina la yule bibi yake Brahimu, alitaka kujua kisa. Mama akasema kwa Kiswahili, Baba akakigeuza Kiingereza kwa madaha ya balozi, Brahimu akakitia kwenye lugha yao, na jawabu likarudi kwa njia hiyohiyo, mpaka chai ikapoa njiani. Aliuliza Mama hajamwona mama yake tangu lini. Alipofikishiwa jawabu alijipiga goti kwa kiganja, mara moja, akainuka, akaingia ndani na sweta lake. Akarudi na kikapu cha ukindu kimejaa tende, ndogo, nyeusi, zinazoshikamana. Akakiweka mapajani kwa Mama, akasema maneno machache.

"Anasema hizi si zenu," Brahimu akafasiri. "Ni za mwenye sweta."

Mama alikipokea kwa mikono miwili na hakubisha. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mchuzi unarudisha hata ndizi mbili. Aliona kwamba huku majabalini nako wanaijua sheria hiyo.

Asubuhi yake, juu ya paa la nyumba tuliyofikia, Mama alinikalisha akanieleza. Yule si bibi yako. Bibi yako yuko Pemba.

"Pemba si Afrika?"

"Ni Afrika."

"Basi?"

"Afrika kubwa, mwanangu. Mimi mwenyewe sijaimaliza." Akanionyesha upande, juu ya mitende, juu ya ile nchi nyekundu, kule kule, ukipita na kule. Akaniambia na habari ya kitabu, kwa maneno mepesi. Nilifikiri sana. Kisha nikamwambia kuwa si neno, Bibi wa huku atakuwa wa huku, na wa kule wa kule, lakini sasa yule wa kule atavaa nini? Mama alipokwenda kuchukua mkate jikoni, nilimsikia anaimba.

Simu ya Jumapili iliyofuata Mama aliiogopa. Alizunguka kwenye habari za ndege, za theluji, za punda. Mwisho akasema, "Mama, lile sweta… nimempa mtu." Maneno yakamrudia kwanza, nimempa mtu, mimi nikiyasikia nilipobana sikio langu kwenye mkono wa simu. Kimya.

"Mtu gani?" Bibi akauliza.

"Mtu mzima. Kama wewe. Anakaa kwenye majabali."

"Ana baridi?"

"Ana baridi, Mama. Na mikono haipandi."

Kikaja kicheko chake, kikapasua waya. "Kweli, asiyekuwepo na lake halipo! Alhamdulillahi. Alivae kwa heri." Mama akaharakisha kusema kesho tu atanunua jengine. "Usinunue," Bibi akasema, na hapo hakucheka. "Umenisikia? Usininunulie kitu usichonipima. Njoo unipime."

Tende zikalala sandukuni mpaka akapatikana mtu wa Wete anayesafiri, na Bibi akafungulia saumu Ramadhani nzima. Kuanzia hapo kila Jumapili, baada ya marahaba na hujambo, aliuliza, "Na mwenzangu wa majabalini?" utadhani tunakutana naye kituo cha basi. Mama hakununua sweta. Alipita kwenye madirisha ya maduka, akasimama, akapita. Alianza kujaza karatasi za uraia, jambo alilokuwa akiliogopa, na akirudishwa alijaza tena.

Ilichukua miaka. Nilikuwa mrefu kuliko Mama siku tuliposhuka Pemba, yeye na paspoti mpya ambayo alikuwa akiipapasa mkobani njia nzima. Kizingiti kilikuwa palepale. Nikasogea, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Bibi," na kwa mazoea nikanyamaza kungoja sauti yangu inirudie. Haikurudi. Marahaba ilikuja hapo hapo, ya moto, usoni kwangu, pamoja na mikono.

Nilipoinua macho ndipo nilipomwona. Ule unene aliouiga Mama kwa mto na mataulo haukuwepo. Bibi alikuwa mdogo, mwepesi, mifupa ya bega imechomoza chini ya kanga. Mama alisimama uani na mizigo mikononi, anamtazama, na niliona anapima miaka.

Bibi alinigeukia mimi kwanza. "Hebu niambie, maana huyu atanificha. Lile sweta lilimkaa mwenzangu?"

"Lilimkaa, Bibi. Kama alishonewa."

"Unaona!" Akacheka, akajipiga kifua kilichobaki. "Lingekuja kwangu ningelivaa kama kanzu. Mungu alijua lake ni la nani."

Halafu akamtazama Mama. Akajiegemeza ukutani, akasimama, akainua mikono yake pembeni, pale ilipofika, chini kidogo ya mabega.

"Haya, mwanangu," akasema. "Umekuja. Nipime."

Mama hakuwa na futi ya fundi. Alitupa mizigo mchangani, akampima kwa mikono yake, na mikono ikazunguka, ikakutana, ikapitana.